Namba Nne, Upande wa Kuvuta

Usiku wa jana niliota nimeitwa kazini, kama mpimaji wa nje, katika ofisi iliyokuwa ndani ya harmonika. Barua ya wito haikueleza nitaingiaje. Niliingia kwa kupulizwa.

Nieleze kwanza chombo chenyewe, kwa sababu wengi hukiweka mdomoni miaka na miaka bila kujua wanapuliza nini. Harmonika ya kawaida ina matundu kumi, na kila tundu ni kama chumba. Katika kila chumba kuna ndimi mbili, yaani vipande viwili vyembamba vya madini. Kila ulimi umeshikwa kwenye bamba upande mmoja, na upande wa pili umeachwa huru juu ya mwanya wake ili utetemeke. Mmoja hulia ukipuliza, mwingine hulia ukivuta pumzi. Jumla ni ishirini. Hayo nayajua nikiwa macho, na ndotoni hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wote ishirini walikuwa watumishi, na karibu wote walikuwa kwenye foleni.

Foleni ilikuwa imenyooka kuliko foleni yoyote niliyowahi kuiona, kwa sababu kila aliyesimama alikuwa ameshikizwa sakafuni kwa kisigino. Kwa juu waliyumba. Hakuna aliyeweza kumruka mwenzake. Niliona ni utaratibu mzuri.

Karani ni Skrubu. Kichwa chake ni bapa, kina mfereji mmoja katikati, na akitaka kumtazama mtu mwingine hana budi kuzunguka mwili mzima. Kila akizungukia kulia anazama kidogo kitini.

"Jina."

"Kajiru. Nafundisha vipimo katika chuo cha ufundi."

"Umepachikwa vipi, mwalimu?"

"Sijaelewa swali."

"Swali lina majibu matatu. Ribiti, skrubu, au moto. Weka alama moja, usiweke mbili."

"Mimi sijapachikwa popote."

Foleni nzima iliacha kuyumba.

"Basi unasimamaje?"

"Kwa uzito wangu."

Aliandika: Uzito. Kisha akakata, akaandika: Kibarua.

Tofauti aliyokuwa akiiulizia ni ndogo na inaelezeka. Ulimi wa ribiti hutobolewa tundu kisigino, kijiti cha madini hupitishwa humo hadi ndani ya bamba, halafu kichwa chake hugongwa kikafura. Hushika vizuri, lakini siku ya kuutoa ni nyundo. Ulimi wa skrubu hufungwa na kufunguliwa kwa bisibisi. Ulimi wa moto hauna tundu wala kichwa cha kitu chochote. Umechomelewa juu ya bamba kwa doa dogo kuliko mbegu ya ufuta. Mwingine ni wa shaba ya njano, mwingine wa chuma cha pua. Wa shaba huchoka mapema, wa chuma hukawia kuchoka. Katika miaka yangu yote ya kupima sijawahi kupata sauti inayotaja ilivyopachikwa.

Hayo niliyasema kwa sauti, nikidhani nasaidia.

"Hakuna tofauti?" akauliza ulimi mmoja wa ribiti, mzee, shaba yake imeingia weusi. "Sisi tuligongwa, mwalimu. Aliyegongwa hawezi kuongea sawa na aliyebanwa."

"Angalau sisi tukichoka tunafunguliwa, tunaondoka na miguu yetu," akasema mmoja wa skrubu. "Nyie mnatolewa kama jino."

"Wazee wangu, nisaidieni," akasema kijana wa chuma cha pua, wa moto, anayeng'aa hadi anaudhi. "Huyu anajivunia kitu kilichomtoboa. Yule anajivunia mlango wa kutokea. Sisi hatuna hata kovu."

"Hamna kovu kwa sababu hamna asili."

"Asili ipi, babu? Mlikatwa kwenye ukanda mmoja wa shaba, mashine moja, Jumanne moja, kabla ya chai."

Mzee wa ribiti alimwambia kijana kwamba yeye alikatwa Jumatatu.

Hapo alifika Mwenyekiti. Nasema alifika, lakini alikuwepo muda wote. Tulikuwa tumesimama juu yake. Bibi Bamba ni shaba ya njano, unene wa milimita moja kasoro, mpana kiasi kwamba hakuna anayejua anapoishia. Alijikunja upande mmoja ili apate uso wa kuongelea.

"Wanangu hawafanani," aliniambia. "Mimi wote wamesimama mgongoni mwangu. Nawajua kwa sikio. Wa ribiti ana uzito. Wa skrubu ana wasiwasi. Wa moto ana uwazi. Mtu akibisha ni kwamba hajakaa na watoto."

"Tunaweza kujaribu," nikasema.

Tuliweka pazia. Walilia kumi, mmoja mmoja, naye akawataja. Aliwapata watatu, ambayo ndiyo idadi anayoipata mtu anayebahatisha kati ya majibu matatu. Mara ya saba alifumba macho, akatabasamu, akasema: "Huyu ni Sefu wangu, wa moto. Huyu namjua hata nikiwa na homa."

Ilikuwa bawaba ya mlango.

Kisha Bibi Bamba akauliza, "Hiyo bawaba imechomelewa?"

Nilikagua. "Imechomelewa."

"Basi."

Skrubu aliandika kwamba jaribio limethibitisha sikio la Mwenyekiti kwa kiwango kikubwa, na tukaendelea na ajenda.

Ajenda ilikuwa moja. Ulimi wa chumba namba nne, upande wa kuvuta, jina Mwanaidi, shaba ya njano, wa ribiti, alishtakiwa kwamba sauti yake inashuka. Saa nane mchana kulikuwa na harusi. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi unakaa muda mrefu kwenye noti ya re, na re hiyo ni yake. Kila akivutwa kwa nguvu, ilisemekana, noti inateleza chini karibu nusu toni, wageni wanageuza shingo. Akithibitika, angegongwa atoke saa sita kamili na kutiwa kwenye kopo la vyuma chakavu. Ilihitajika saini ya mpimaji wa nje tu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Chumbani kwake. Anakaa na Sefu."

Ninageuka kuelekea chumba cha nne, na pale ilipokuwa korido sasa kuna jiko la shughuli. Sufuria tatu za pilau, kila moja kubwa kuliko mtungi wa kuhifadhia maji, kuni zinalia, wanawake wanachambua mchele bila kututazama. Meza ya kupimia imewekwa kati ya mafiga, kwa sababu meza nyingine zote zinapangiwa sahani. Mwanaidi amesimama juu ya meza. Ana umri wa makamo, amenyooka, kifundoni ana ribiti yake ya zamani, na ribiti hiyo ni mzee mfupi mwenye kipara.

"Shikamoo, Mzee Ribiti," nikasema.

"Marahaba. Usinitikise sana, nimeshikilia mtu."

Mwanaidi hakungoja kuulizwa. "Mwalimu, mimi ni wa nne kuvuta huu mwaka wa kumi na moja. Nitajie wimbo mmoja usiopita kwangu."

"Wanasema unashuka."

"Wanasema wamesikia kushuka. Wamesikia kutoka chumba cha nne. Chumba cha nne tuko wawili."

Huyo wa pili alikuwa dirishani, kwenye kivuli, anapunga hewa. Sefu ni ulimi wa kupuliza, wa shaba, amechomelewa, mpwa wa Bibi Bamba kwa maelezo yake mwenyewe.

"Mimi hapo nisihusishwe, shemeji," akaniambia, ingawa hatujaoana kwao wala kwetu. "Anayevutwa ni yeye. Akivutwa yeye, mimi nalala. Muulize mtu yeyote. Mimi kazi yangu ni kupulizwa, na nikipulizwa nimenyooka kama rula."

"Unakoroma," akasema Mwanaidi.

"Hata mfalme anakoroma, dada."

Sikutaka kusikiliza maneno ya upande wowote. Nilikuwa na kipima sauti. Kipima sauti ndicho kitu pekee katika ofisi ile ambacho hakikuongea, na ndiyo sababu nilikiamini.

Nilimshika Mwanaidi vizuri kiganjani, nikamsugua weusi kwa kitambaa kikavu hadi akang'aa, nikamrudisha mezani kati ya mafiga, nikavuta pumzi. Alilia. Sindano ilisimama mistari minane chini ya sifuri.

"Minane," nikasema.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Nina joto."

"Kila mtu hapa ana joto."

"Ngoja nipoe, halafu upime tena."

"Kipimo hakirudiwi kwa sababu aliyepimwa hakukipenda."

Mzee Ribiti alinitazama kutoka kifundoni. "Kijana, hata mkate unaachwa upoe kabla haujakatwa."

Nilimweleza kwamba mkate si kifaa cha muziki. Kisha nikasaini. Saini yangu ni nzuri, herufi zote zinasomeka. Wanafunzi wangu huiiga.

Saa sita inagonga na jiko ni chumba cha daktari wa meno. Kuna kiti cha kulala, taa, beseni dogo. Daktari hayupo, kuna nyundo na pini ya chuma, nazo zinajua kazi yake. Mwanaidi anauliza swali moja, kwangu, kwa sauti ya kawaida.

"Kama umekosea, utanirudisha?"

"Sijakosea."

"Sikuuliza hilo."

Pini ilisimama juu ya kipara cha Mzee Ribiti. "Binti, naanguka," alisema. "Nimeshika nilivyoweza." Nyundo ikapiga mara moja. Alidondoka ndani ya beseni, akalia kidogo kama kifungo cha shati kilichokatika, na hakusema tena.

Mwanaidi hakulia. Ulimi usioshikwa upande wowote hauwezi kutoa sauti, haidhuru uupulize kiasi gani. Hauna mahali pa kuegemea ili utetemeke. Ni jambo la kawaida katika fizikia. Nililijua siku zote, ila sikuwa nimewahi kulitazama likitokea kwa mtu niliyekuwa naongea naye. Midomo yake ilikuwa ikienda. Walimlaza kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya wengine.

Fomu ilikuwa na ukurasa wa pili. Ilitaka nimpime na jirani, kwa ajili ya kulinganisha. Nilimpima Sefu pale pale dirishani. Sifuri kamili.

"Nilikwambia," akasema Sefu. "Rula." Akaenda jikoni kupokea pongezi, maana jiko lilikuwa limerudi upande wa pili wa mlango, na akakaa karibu na sufuria ya pilau kuonja chumvi.

Fomu ilikuwa na nakala. Mimi hujaza nakala kwa kupima upya, sinakili. Nilimfuata jikoni, nikampima pale alipokaa.

Mistari minane chini.

Nilikagua kipima sauti. Kilikuwa kizima. Nilimwambia Sefu arudi dirishani na asiongee. Aliweza la kwanza. Nilipima kila baada ya dakika moja: saba, tano, tatu, moja, sifuri.

Shaba ikipata joto hulegea kidogo, na sauti hushuka. Ikipoa hukaza, na sauti hurudi. Fundi yeyote anayesugua ulimi kwa tupa au kuushika kwa vidole huusubiri upoe kabla ya kuupima, la sivyo atausahihisha ulimi usio na kosa. Jambo hili nalifundisha muhula wa pili. Nina swali la mtihani juu yake, lenye alama sita, na huwa nasikitika wanavyolijibu.

Nilikwenda mbele ya Bibi Bamba, nikaeleza yote, nikiwa na tarakimu mkononi. Alisikiliza akijipepea kwa pembe yake.

"Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ina kasoro?"

"Saini haina kasoro. Kipimo ndicho kina kasoro."

"Sisi tulipokea saini, mwanangu. Kipimo hatukukiona."

"Mwanaidi alikuwa sawa. Arudishwe."

Skrubu alizunguka kunitazama, akazama kitini. "Ribiti ikishatoka hairudi. Mashine ya kugongea iko kiwandani, na kiwanda kiko nje ya ndoto hii."

"Afungwe kwa skrubu basi."

Mnong'ono ulipita kwenye foleni ya wa ribiti. Yule mzee mweusi wa shaba alikohoa. "Hatuna ubaya naye, Mwenyekiti. Ni dada yetu. Ila akirudi kwa skrubu asije kusimama upande huu. Watoto watauliza."

"Upande wetu pia asimame kwa kungoja," akasema mmoja wa skrubu. "Tundu lake ni la ribiti. Sisi matundu yetu yana nyuzi za skrubu tangu kuzaliwa."

Kijana wa chuma cha pua alisema yeye hana tatizo na mtu yeyote, mradi asimguse.

Nilitazama ndani ya kopo. Mwanaidi alikuwa akinitazama. Aliinua kidole kimoja, akakielekeza kwangu, kisha kwenye mwanya wake uliokuwa wazi. Chumba cha nne kilikuwa kinavuja; upepo ulipita pale ukitoa sauti ya mtu anayetema mbegu ya chungwa.

"Tundu lake litatiwa nyuzi kesho asubuhi," akasema Skrubu. "Ndipo arudi. Lakini harusi ni leo saa nane, na mwanya haukai wazi. Upepo ukitoroka hapo, bibi harusi ataingia kimya. Anatakiwa mtu wa kushika nafasi hadi kesho." Alifungua daftari la wageni, akapitisha kidole. "Hapa tuna mmoja ambaye hajapachikwa popote."

Nikiri kwamba sikubisha. Aliyeacha ule mwanya wazi ni mimi, na nilikuwa na vipimo vyake.

"Umechagua kupachikwa vipi?" akauliza Bibi Bamba.

Hapo foleni ilinigeukia kwa upendo. Wa ribiti walisema nina uzito wa ribiti, waliuona tangu mlangoni. Wa moto walisema haitachukua hata sekunde. Watu ambao dakika mbili zilizopita hawakumtaka Mwanaidi walikuwa wakinigombania mimi, ambaye nilimtoa.

"Skrubu," nikasema. "Ili kesho nifunguliwe."

Skrubu alisukuma kiti, akanyanyuka, akaja yeye mwenyewe. Sikujua kwamba karani ndiye angehusika.

"Itauma?"

"Robo ya mwisho tu," akasema, na akaanza kuzunguka kisiginoni mwangu.

Robo ya mwisho iliuma kama alivyosema. Kisha walinisahihisha sauti. Ili sauti ya ulimi ipande, ulimi hukwanguliwa nchani; ili ishuke, hukwanguliwa karibu na shina. Walinikwangua utosini mara mbili na kisiginoni mara moja. Nikasimama kwenye re. Niliwaomba waningoje nipoe kabla ya kupima, wakaningoja, kwa sababu, walisema, mimi ni mtaalamu.

Saa nane ni uwanja wa shule, mahema mawili, viti vya plastiki. Mpigaji ni mwanamume mnene aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, mjomba wa bibi harusi, na ametoka kunywa soda, jambo ambalo mtu anayejali ndimi hafanyi. Anaweka harmonika mdomoni. Giza, kisha upepo.

Mara ya kwanza ni pumzi ya kutoa. Upepo unampata Sefu. Ananyooka, analia vizuri, sina la kumlaumu. Mimi nimetulia. Kisha mjomba anavuta, na upepo wote wa uwanja ule, na vumbi, na harufu ya pilau, unapita mwanyani mwangu, na ninalia.

Sitaeleza nilivyojisikia, kwa sababu sikuwa na kifaa cha kupimia. Nitasema tu kwamba nilikuwa re, na nilikuwa sifuri kamili. Kila wimbo ulipita kwangu.

Bibi harusi alitokeza langoni. Mjomba aliingiwa na hisia. Alikaza koo, akarudisha ulimi wake nyuma mdomoni, akavuta kwa nguvu, kama wapigaji wafanyavyo wanapotaka noti ilie kwa huzuni.

Nilinyamaza.

Nasema nilinyamaza, sikushuka. Upepo ulikuwa unanipita na mimi sitikisiki tena, au natikisika kidogo sana, kama pazia. Lakini chumba kilikuwa kinalia. Kilikuwa kinalia karibu nusu toni chini. Niligeuka. Sefu alikuwa amefumba macho, hajapulizwa na mtu yeyote, anatetemeka kuanzia kisigino hadi nchani, anaimba usingizini kwa sauti kubwa.

Wageni waligeuza shingo. Bibi harusi alisimama.

"Namba nne, upande wa kuvuta," ikasema sauti ya Skrubu kutoka chini ya kisigino changu. "Anashuka."

"Si mimi. Ni Sefu. Msikilize."

"Sefu amelala."

"Anaimba akiwa amelala."

"Aliyevutwa ni nani, mwalimu?"

"Mimi."

"Basi."

"Mzibe Sefu kwa kidole, halafu nivutwe tena. Noti haitashuka. Ni jaribio la sekunde tano."

Bibi Bamba aliongea kutoka pande zote. "Mwanangu, Sefu ni wa moto. Hatumshikishiki. Na wewe usiwe mtu wa kulalamika. Aliyekutangulia naye alikuwa na maneno hayo hayo. Kile chumba kina tabia hiyo."

"Kina tabia hiyo kwa sababu ya Sefu."

"Tutaita mpimaji wa nje."

Nilimwona. Alikuwa anapulizwa kuingia, kijana mwembamba, amevaa tai, amebeba kipima sauti kipya. Alipita karibu na sufuria za pilau, akaweka meza yake pale pale. Nilimfahamu, nilimfundisha mimi, muhula wa pili. Lile swali la alama sita alipata moja.

"Mwalimu Kajiru, shikamoo," alisema kwa adabu kubwa, na akaanza kunisugua kwa kitambaa.

"Ngoja nipoe," nikasema.

"Kipimo hakirudiwi, mwalimu. Ulitufundisha."

Alivuta pumzi ndefu, na nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Nakiete, mke wangu, ambaye hufundisha kwaya ya kanisani na huweka kipima sauti ndani ya simu yake kwa ajili ya kwaya hiyo, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akinitazama kwa makini.

"Umeamkaje, Baba Nanzia?"

"Salama. Mbona unanitazama hivyo?"

"Leo umekoroma ajabu. Ukivuta tu. Ukitoa pumzi, kimya kabisa."

"Kuvuta tu?"

"Kuvuta tu. Noti moja, ndefu. Nikajua nikisimulia nitaitwa mwongo, nikaipima. Ni re."

Nilifunga mdomo. Kisha nikavuta pumzi taratibu, kidogo tu, kuhakikisha. Ilikuwa re. Kule ndani ilikuwa imeshafika kesho, na nafasi ya Mwanaidi bado nilikuwa nimeishika mimi.

"Ila unashuka," akasema Nakiete. "Mistari minane."

"Ulinipima nikiwa nimejifunika blanketi?"

"Hadi masikioni. Umelowa jasho."

Niliondoa blanketi, nikakaa wima kwenye upepo wa dirisha, nikamwomba asubiri nipoe, apime tena, na asimwambie mtu yeyote kabla ya hapo.

"Nimeshatuma kwenye kundi la kwaya," akasema.